Makala, Makaa na Tabianchi: Dhana za Mjadala wa Lubumbashi

Katika Kiswahili sanifu, makala ni maandishi, neno lenye asili ya Kiarabu. Mjini Lubumbashi, makala ni mkaa, neno la Kibantu lenye asili moja na makaa. Tofauti hiyo hugusa mjadala mzito. Mwaka 2018 wanafunzi wa Sweden waligoma kwa ajili ya tabianchi. Mwaka 2022 vijana wa Goma walipinga mnada wa vitalu vya mafuta. Lubumbashi hoja hizo hukutana na jiko, kwani miombo inayouzunguka mji hukatwa ili kupata makala.

Aidha, hali ya hewa ni mvua ya leo, ilhali tabianchi hupimwa kwa wastani wa miaka 30. Kwa hiyo masika moja mema hayakanushi ongezeko la joto duniani, lililokadiriwa mwaka 2021 kuwa nyuzi 1.1 hivi tangu 1850–1900. Chanzo chake kikuu ni makaa ya mawe, mafuta na gesi. Basi, mchoma makala asitwishwe mzigo wa viwanda vya mbali. Lakini msitu ukiisha, yeye ndiye atakayeumia kwanza.