Mbegu za kifaru nazo zina karatasi zake mpakani

KAMPALA. Mfanyabiashara anayevusha mzigo Busia au Malaba anajua kuwa karatasi moja ikikosekana, lori linalala mpakani. Mahindi yanaweza kusubiri siku mbili. Mbegu za kiume za mnyama adimu zinaharibika nitrojeni ikiisha mtungini.

Mbegu hizo hugandishwa katika mirija midogo, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Wafugaji wa Uganda wanaufahamu mtungi huo, kwani kituo cha taifa cha NAGRC&DB kilichoko Entebbe husambaza mbegu za fahali kwa njia hiyo.

Kwa kifaru, masharti ni mazito zaidi. Chini ya mkataba wa CITES, vifaru wa Uganda na Kenya wamo katika Orodha ya Kwanza, na mbegu zao zinabanwa kama mnyama mzima. Nchi inayopokea hutoa kwanza kibali cha kuingiza, ndipo inayotuma itoe cha kusafirisha. Cheti cha daktari wa mifugo hakikosekani.

Uganda ina sababu ya kulifuatilia jambo hili. Vifaru weupe wa kaskazini waliokuwa West Nile walimalizwa na majangili mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2005 hifadhi ya Ziwa, wilayani Nakasongola, ilianza upya na vifaru weupe wa kusini: wanne kutoka Solio, Kenya, kisha wawili kutoka Marekani mwaka 2006. Kundi lililoanza na wanyama sita linahitaji damu mpya, ndugu wasije wakazaliana, na kusafirisha mtungi ni rahisi kuliko kusafirisha dume la tani mbili.

Inawezekana. Mwaka 2008, ndama wa kifaru alizaliwa Budapest, Hungaria, kwa mbegu zilizogandishwa za dume wa Uingereza.

Kwa vifaru wa kaskazini, ndiyo njia pekee iliyobaki. Tangu dume Sudan afe mwaka 2018, wamesalia majike wawili, Najin na Fatu, huko Ol Pejeta, Kenya. Mayai ya Fatu husafirishwa hadi Cremona, Italia, kurutubishwa kwa mbegu za madume waliokwisha kufa. Kufikia Januari 2024 viinitete 30 vilikuwa vimepatikana. Ili vizae ndama, lazima virudi Kenya kupandikizwa kwa majike wa kusini, na safari hiyo nayo inadai vibali vyake.