Risasi Ipi kwa Mnyama Gani?

Mkulima wa Noonkopir au Isinya akiamka alfajiri na kukuta mbuzi wake wameuawa bomani, na nyayo za simba zimekanyaga mpaka mlangoni, neno la kwanza analosikia kwa majirani ni hili: "Ingekuwapo bunduki, mambo yangekwisha." Wengi hudhani kwamba bunduki ni bunduki, na kwamba risasi yoyote ikimpata mnyama humwua. Mawazo hayo yamewaua watu wengi, na baadhi yao walikuwa wawindaji hodari.

Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, wala mkulima haruhusiwi kwenda kumtafuta simba kwa bunduki. Lakini yafaa kila mwenye mifugo ajue jinsi risasi inavyochaguliwa, kwa sababu akijua hayo ataelewa kwa nini kazi hii inaachiwa askari wa wanyama pori, na kwa nini asijaribu kuifanya mwenyewe.

Jambo lililotokea mwaka 1911

Tuanze na jambo lililotokea karibu na kwetu, katika mbuga za Athi na Kapiti, upande wa mashariki wa Noonkopir. Mwezi wa Januari mwaka 1911 Mwingereza mmoja jina lake George Grey alikuwa mgeni huko. Ndugu yake, Sir Edward Grey, alikuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Uingereza. George Grey hakuwa mwanafunzi wa uwindaji. Alikuwa amekaa miaka mingi katika nchi za kusini na kuua simba wengi.

Siku hiyo yeye na wenzake waliwafukuza simba kwa farasi. Grey aliwatangulia wenzake, akamkaribia simba mno, akashuka chini. Simba akageuka akamjia mbio. Grey alipiga risasi mara mbili, na zote mbili zilimpata. Simba hakusimama. Alimwangusha na kumuuma vibaya kabla wenzake hawajafika kumwua yule mnyama. Grey alichukuliwa mpaka Nairobi, akafa siku chache baadaye, mwanzoni mwa Februari.

Basi kosa lilikuwa wapi? Mkono wake haukutetemeka, wala shabaha haikukosa. Bunduki yake ilikuwa ya aina ya .280 Ross, ambayo wakati ule ilisifiwa sana katika mashindano ya shabaha. Risasi yake ilikuwa nyepesi, gramu tisa na kidogo, na ilikwenda kasi ajabu, karibu mita 900 kwa sekunde. Kwa swala aliye mbali ilifaa sana. Lakini ikimpiga simba kwa karibu, ikiwa bado na kasi yake yote, ilivunjika vipande vipande katika nyama ya juu. Haikuingia ndani mpaka mahali penye uhai. Simba alijeruhiwa, akazidi kukasirika.

Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, aliwinda simba katika mbuga hizo hizo. Yeye alipenda kutumia bunduki ya Winchester ya .405. Risasi yake haikuwa na mwendo mkali kama ile ya Ross, lakini uzito wake ulikuwa gramu 19, yaani mara mbili ya ile ya Grey. Risasi ya namna hiyo ikimpiga simba haivunjiki upesi, nayo hupenya.

Risasi ni vitu vinne

Ili kuelewa tofauti hiyo, lazima tujue risasi yenyewe ilivyo. Risasi nzima, kama inavyotoka katika pakiti, ni vitu vinne vilivyounganishwa. Kwanza kuna ganda la shaba. Pili kuna fataki, kile kidonge kidogo kilicho katika kitako cha ganda, ambacho hugongwa na pini ya bunduki kikatoa cheche. Tatu kuna baruti iliyomo ndani ya ganda. Nne kuna kichwa, ndicho kinachoruka na kumpiga mnyama.

Hesabu iliyoandikwa juu ya ganda huonyesha upana wa kichwa au wa tundu la mtutu. Risasi ya .303 maana yake ni sehemu 303 katika elfu moja za inchi. Risasi ya 7x57 imepimwa kwa milimita: saba ni upana, na hamsini na saba ni urefu wa ganda. Ile ya .30-06 ni ya upana wa sehemu 30 katika mia za inchi, nayo ilitolewa kwa jeshi la Marekani mwaka 1906. Lakini hesabu hiyo peke yake haitoshi. Yapo mambo matatu ya kutazama.

La kwanza ni uzito wa kichwa. Kichwa kizito hakisimamishwi upesi na mfupa au nyama nene.

La pili ni namna kilivyotengenezwa. Viko vichwa vyenye ncha laini ya risasi, ambavyo hupanuka vikiingia katika mwili na kufanya jeraha kubwa. Hivyo vyafaa kwa swala, kongoni, pundamilia na hata simba, maadamu gamba lake la nje ni imara. Viko pia vichwa vigumu vilivyofunikwa pande zote, ambavyo havipanuki bali hupenya moja kwa moja. Hivyo ni vya ndovu na kifaru, na mara nyingi nyati.

La tatu ni mwendo. Mwendo mkali huifanya risasi isishuke upesi njiani, na kwa hiyo humsaidia mpigaji wa mbali. Lakini mwendo mkali na kichwa dhaifu ni maadui. Hilo ndilo lililompata George Grey.

Mnyama ndiye anayechagua

Mtu anayeagiza bunduki kwa fundi ili atengenezewe yake mwenyewe hupenda kuuliza kwanza habari za mbao za kitako na nakshi za chuma. Fundi mwenye akili humrudisha nyuma na kumwuliza: "Utampiga mnyama gani, na kwa umbali gani?" Risasi huchaguliwa kwanza, kisha bunduki hujengwa kuizunguka. Urefu wa ganda ndio unaoamua urefu wa mahali pa kuingizia risasi. Upana na uzito wa kichwa ndio unaoamua mtutu na mikato yake ya ndani inayoizungusha risasi. Nguvu ya baruti ndiyo inayoamua unene wa chuma na uzito wa bunduki nzima. Akikosea mwanzo, hawezi kusahihisha kwa nakshi.

Katika nchi ambazo uwindaji wa leseni unaruhusiwa, kama jirani zetu Tanzania, mpango wa kawaida ni huu. Kwa swala wadogo na wa kadiri hutosha bunduki nyepesi ya upana wa milimita sita au saba. Kwa pundamilia, nyumbu na kongoni, watu hutumia .30-06 na nyingine za nguvu kama hiyo. Zamani wengi walitumia .303 ya jeshi la Mwingereza. Kwa pofu, ambaye ana mwili kama wa fahali, na kwa simba, wenye ujuzi hupenda .375 ya kampuni ya Holland & Holland ya London, iliyotolewa mwaka 1912. Kichwa chake kina uzito wa gramu 19, na mwendo wake ni zaidi ya mita 700 kwa sekunde, kwa hiyo hupenya vizuri na pia hufika mbali. Kwa nyati na ndovu wengi huchukua kubwa zaidi, kama .416, .458 au .470. Kichwa cha .470 kina uzito wa gramu 32.

Mtu atauliza: mbona W. D. M. Bell aliua ndovu zaidi ya elfu moja, wengi wao Karamoja huko Uganda, na wengi aliwapiga kwa bunduki ndogo ya milimita saba? Ni kweli. Lakini Bell alitumia vichwa vigumu visivyopanuka, na alijifunza kwa bidii mahali ubongo wa ndovu ulipo ndani ya fuvu, akitazama kutoka kila upande. Tena alikuwa na muda wa kuchagua wakati wake wa kupiga. Mtu anayerukiwa na simba gizani hana muda huo.

Mfano mwingine ni wa J. A. Hunter, ambaye mwaka 1944 mpaka 1946 aliajiriwa na serikali ya wakati ule kuua vifaru huko Makueni ili pori lipate kukatwa na Wakamba wapewe mashamba. Aliua karibu vifaru elfu moja. Katika kichaka kinene, ambapo kifaru huonekana akiwa hatua chache tu, alitaka bunduki kubwa ya kumsimamisha mnyama papo hapo. Leo twajua kwamba hiyo ilikuwa hasara kubwa kwa nchi, na vifaru wa namna ile wamebaki wachache. Lakini somo la risasi ni lile lile: mahali pa kupigia ni sehemu ya hesabu, kama alivyo mnyama mwenyewe.

Mambo mawili yanayosahauliwa

Kwanza, bunduki kubwa hupiga bega teke. Mtu anayeiogopa bunduki yake hufumba macho anapovuta kifyatulio, na risasi huenda ovyo. Afadhali bunduki ya kadiri ambayo mtu ameizoea kuliko kubwa inayomtisha.

Pili, risasi lazima ipatikane. Risasi ya .280 Ross ilikwisha kutoweka madukani, lakini ile .375 ya mwaka 1912 ingali ikitengenezwa mpaka leo na viwanda vya nchi nyingi. Tena sheria ina neno lake. Waingereza walipokataza risasi za upana wa .450 huko India, kwa hofu ya kuwapa silaha walioasi, mafundi wa London walilazimika kubuni nyingine, na .470 ni mojawapo. Bunduki nzuri isiyo na risasi ni fimbo ya gharama kubwa.

Hali ya Noonkopir leo

Sasa turudi nyumbani. Siku za Grey mbuga ilikuwa wazi toka Athi mpaka Namanga. Leo Kitengela ni mji, mashamba yamegawanywa, na nyua zimejaa pande zote. Kichwa cha bunduki ya .30-06 kikimkosa mnyama kinaweza kuruka zaidi ya kilomita 3 kabla ya kuanguka. Hebu simama mlangoni pako utazame: katika kilomita 3 kuna nyumba ngapi, shule ngapi, na watoto wangapi wanaochunga? Hakuna risasi iliyo nzuri pale ambapo hakuna mahali salama pa kuikomesha.

Twajua pia uchungu wa mfugaji. Mwezi wa Juni mwaka 2012, huko Ilmasin karibu na Kitengela, simba sita waliuawa na wananchi baada ya mifugo kuuawa. Na tarehe 30 Machi 2016 simba dume aliyeitwa Mohawk, aliyetoka katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, alizingirwa na umati wa watu huko Isinya. Mtu mmoja alijeruhiwa, na askari wa wanyama pori wakampiga simba huyo risasi akafa. Umati ule ulimfanya simba kuwa hatari zaidi, na ukaifanya kazi ya askari kuwa ngumu zaidi.

Basi, mkulima, simba akija, shika haya:

1. Usimfuate simba, hasa aliyejeruhiwa. Simba mwenye jeraha hulala katika majani na kumngoja anayemfuata.

2. Peleka habari upesi kwa Shirika la Wanyama Pori, au kwa chifu, au kituo cha polisi. Eleza mahali, idadi ya simba, na kama yuko aliyejeruhiwa.

3. Zuia watu wasikusanyike. Watoto wakae ndani.

4. Usiondoe mizoga wala kufuta nyayo mpaka maofisa wamekwisha kuziona, kwa maana ndizo ushahidi wa madai yako. Sheria ya wanyama pori ya mwaka 2013 iliweka utaratibu wa fidia kwa watu na kwa mifugo.

5. Imarisha boma. Seng'enge ya matundu yenye nguzo imara, iliyo ndefu na iliyokazwa chini, humzuia simba kuliko miiba mikavu. Tena weka taa za kumetameta kuzunguka boma. Ufundi huo ulibuniwa hapa hapa Kitengela na kijana Richard Turere, aliyeona kwamba simba huogopa mwanga unaohamahama, kwa kuwa hudhani ni mtu anatembea. Mwaka 2013 alikwenda Marekani kuueleza, na sasa taa hizo zinatumika mahali pengi.

George Grey alikuwa na ujuzi, shabaha, na bunduki ya gharama, lakini alikuwa na risasi isiyomfaa mnyama aliyemkabili. Mkulima wa leo anayetoka usiku na bunduki ya kuazima hana hata nusu ya hayo. Seng'enge na taa ni kazi ya mchana, na mtu huifanya akiwa ametulia. Tuianze kabla simba hajaja.