Lala Pugu, Umsikie Komba

Gari la Kisarawe likishapita uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, Gongo la Mboto na mnada wa ng'ombe wa Pugu, dereva hupunguza gia. Hapo vilima vimeanza. Havitishi: sehemu ya juu kabisa ni takribani mita 300 kutoka usawa wa bahari, na hata mwenye raba za kawaida atatembea msitu wa Pugu-Kazimzumbwi bila kutweta sana. Nenda Juni au Julai, masika yakishapita na kipupwe kimeingia. Njia zimekauka, majani bado mabichi.

Watu husema Pugu kuna ubaridi kwa sababu ya mwinuko. Hesabu inakataa. Hewa hupoa kama nyuzi 0.6 za Selsiasi kwa kila mita 100 unazopanda, kwa hiyo vilima hivi havikupunguzii hata nyuzi mbili. Kinachokupoza ni miti. Mbali na kivuli, mizizi huvuta maji, majani yakayatoa kama mvuke, na mvuke huo huondoka na joto. Mtungi wa bibi hufanya kazi hiyohiyo: unatoa jasho nje, maji ndani yanapoa.

Wengi hupiga picha, huchoma nyama, na saa kumi na moja jioni wamo kwenye foleni ya kurudi mjini. Kwa maoni yangu wanaondoka kabla ngoma haijaanza. Chukua kibali kwa Wakala wa Huduma za Misitu, funga hema, tulia. Magharibi popo humiminika kutoka kwenye yale yanayoitwa mapango, ambayo ni mahandaki tu ya machimbo ya zamani ya kaolini, udongo mweupe wa kufinyangia vyombo vya kauri. Giza likishika, zamu ni ya komba.

Watu wa pwani komba tunamjua kwa ulevi. Hupanda mnazi akamnywea mgema tembo lake. Huyo ni komba mkubwa, anayelia kama mtoto mchanga. Pugu yupo na mwingine, komba mdogo wa Rondo, aliyepewa jina la uwanda wa Rondo kule Lindi. Uzito wake ni gramu 60 hivi, yai moja la kuku, na mkia wake ni kama brashi ya kuoshea chupa. Wanasayansi walimtangaza kuwa spishi miaka ya 1990 tu, na masikio yalisaidia kuliko macho. Komba wadogo wanafanana mno. Wao wenyewe, gizani, humjua mwenzao kwa sauti, hivyo kila spishi ina mlio wake. Watafiti walirekodi milio hiyo, wakailinganisha, wakakuta kwamba waliodhaniwa aina moja ni kadhaa.

Basi zima tochi kwanza, usikilize. Ukimulika baadaye, utaona vikaa viwili vya moto juu ya tawi: ndani ya macho yake, kwa nyuma, kuna utando unaorudisha mwanga. Ukipepesa, karuka.

Komba huyu amebaki kwenye vipande vichache vya misitu ya pwani ya Tanzania, na miti ya Pugu imekatwa miaka mingi kuchomea mkaa wa majiko ya Dar es Salaam. Kwa hiyo nyama ya kambini ipikie gesi. Gunia la mkaa unaloliona kando ya barabara huenda juzi lilikuwa mti wake.