Insulini Bila Sindano: Je, Mdomo Unaweza Kuwa Njia?



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unajibu swali ambalo wazazi wenye watoto wanaougua kisukari huuliza mara kwa mara: "Kwa nini mtoto achomwe sindano kila siku? Kwa nini asipewe kidonge?" Swali hilo ni la haki. Mtoto anayetumia insulini huchomwa mara mbili, tatu au hata nne kwa siku, na hana likizo wala sikukuu. Baadhi ya familia huchoka. Nyingine hukutana na mtu anayeuza "dawa ya kunywa", wakaacha sindano, na kwa kosa hilo watoto wamepoteza maisha. Ni vema basi tuielewe sababu yenyewe, na pia tujue habari za utafiti unaotafuta njia nyingine ya kuingiza insulini mwilini, yaani kupitia utando laini wa ndani ya mdomo.

Insulini ni nini?

Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho, kiungo kilichoko nyuma ya tumbo. Kazi yake ni kuuwezesha mwili kuitumia sukari iliyomo katika damu. Katika kisukari cha aina ya kwanza, ambacho huwapata zaidi watoto na vijana, kongosho hushindwa kutengeneza insulini. Sukari hujaa katika damu, lakini mwili hauwezi kuitumia. Mtoto anakula na bado anakonda.

Zamani mtoto wa namna hiyo hakuwa na tumaini. Mwaka 1921, huko Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best walifaulu kupata insulini kutoka katika kongosho la mbwa. Januari 1922 Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyekuwa karibu kufa, alikuwa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kuchomwa insulini. Aliishi miaka 13 zaidi. Tangu wakati huo sindano ndiyo imekuwa njia kuu ya kutoa dawa hii.

Kwa nini haimezwi?

Kuna sababu mbili. Kwanza, insulini ni protini, kama ilivyo protini ya nyama, mayai au maharage. Tumbo halibagui. Protini yoyote ikiingia humo, husagwa na kukatwakatwa vipande vidogo. Insulini ikimezwa huliwa kama chakula, nayo hupoteza nguvu yake kabla ya kufika katika damu.

Pili, molekuli yake ni kubwa. Kwa kipimo cha wataalamu, molekuli moja ya aspirini ina uzito wa 180. Ya insulini ina uzito wa 5,800 hivi, yaani ni kubwa kama mara 32. Tufikirie chekeche la unga: unga unapita, lakini punje ya hindi inabaki juu. Ndivyo kuta za utumbo zilivyo. Aspirini hupita, lakini insulini hubaki.

Hapa tuondoe utata mmoja. Wazee wengi wenye kisukari cha aina ya pili hupewa vidonge hospitalini, kama vile metformini au glibenklamidi. Vidonge hivyo si insulini. Humsaidia mtu ambaye kongosho lake bado linafanya kazi kwa kiasi fulani. Kwa mtoto mwenye aina ya kwanza haviwezi kuchukua nafasi ya insulini.

Kwa nini mdomo?

Ukipitisha ulimi ndani ya shavu lako utahisi utando laini wenye unyevunyevu. Utando huo hauna tabaka gumu kama lile la juu ya ngozi, na chini yake kuna mishipa mingi midogo ya damu. Dawa ikiingia hapo hufika katika damu upesi, bila kupita tumboni. Ndiyo sababu baadhi ya wagonjwa wa moyo hupewa kidonge cha nitrogliserini cha kuweka chini ya ulimi wakati kifua kinapouma. Lakini molekuli ya nitrogliserini ni ndogo, uzito wake ni 227 tu. Kwa molekuli kubwa kama insulini, hata utando wa mdomo bado ni ukuta.

Vijisindano hufanyaje kazi?

Hapa ndipo wataalamu walipofikiria vijisindano. Hivi ni vitu vyenye ncha, vifupi mno, aghalabu visivyofika urefu wa milimita moja, vilivyopangwa vingi pamoja juu ya kipande kidogo kama plasta. Mwaka 1998 watafiti wa Georgia Tech, katika mji wa Atlanta, Marekani, walionyesha kwamba vijisindano vinaweza kutoboa tabaka la juu la ngozi na kufungua njia ya dawa. Kwa kuwa ni vifupi, havifiki sana kwenye mishipa ya fahamu, na hivyo maumivu huwa madogo. Vingine hutengenezwa kwa dawa yenyewe pamoja na kitu kinachoyeyuka. Vikishaingia huyeyuka kama sukari katika chai, na dawa hubaki ndani.

Mwaka 2021 watafiti wa chuo cha Massachusetts Institute of Technology, Marekani, na wenzao, walitangaza kwamba wamevitumia mdomoni. Walibandika plasta ya vijisindano ndani ya midomo ya nguruwe na kuingiza miligramu 1 ya insulini kwa muda wa sekunde 30. Kiasi hicho ni karibu yuniti 29, kwa hiyo si kidogo. Walifanya vivyo hivyo kwa homoni ya ukuaji, ambayo molekuli yake ni kubwa zaidi. Kisha watu 100 wenye afya njema walijitolea kuwekewa vijisindano mdomoni ili kupima usumbufu wake. Sehemu waliyoipendelea ilikuwa kaakaa gumu, yaani paa la mdomo.

Barani Afrika nako vijisindano vimejaribiwa, ila kwenye ngozi. Nchini Gambia plasta ya chanjo ya surua na rubela ilijaribiwa kwa watu wazima 45, watoto wadogo 120 na watoto wachanga 120. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 hayakuonyesha tatizo la usalama, na kinga waliyopata watoto ilikuwa nzuri.

Mbona bado tunangoja?

Chanjo hutolewa mara chache katika maisha, lakini insulini ni ya kila siku, tena kipimo chake hubadilika kufuatana na chakula na kazi. Ikizidi, sukari hushuka na mgonjwa anaweza kuzimia. Ikipungua, sukari hupanda. Mdomoni kuna mate, ulimi hauachi kucheza, na pengine kuna vidonda. Ni lazima ithibitike kwamba plasta itatoa kipimo kilekile kila mara, na kwamba utando hautadhurika ukitobolewa mwaka baada ya mwaka. Kufaulu kwa nguruwe ni mwanzo mzuri, lakini si ruhusa ya kuacha sindano.

Mzazi afanye nini leo?

1. Usimwachishe mtoto insulini hata siku moja kwa sababu ya dawa ya kunywa, mitishamba au maombi. Sali, na sindano mchome.

2. Mtoto akikojoa mara nyingi, akiwa na kiu isiyokwisha na kukonda, apimwe sukari upesi. Akitapika, akipumua kwa haraka au pumzi yake ikinukia kama matunda, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

3. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye friji, isigande. Pasipo friji, tumia vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, na mchanga mbichi katikati, ukiulowesha kila siku. Kipindi cha kutumia chupa iliyofunguliwa mwulize mhudumu wa kliniki.

4. Badilisha mahali pa kuchoma, leo paja, kesho tumbo, ili pasivimbe. Sindano zilizotumika zitie katika chombo kigumu chenye kifuniko, na zisitumiwe na mtu mwingine.

5. Wakati wa Kwaresima kumbuka kwamba sheria ya kufunga haimbani mgonjwa.

Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chatufundisha kwamba tabibu na dawa ni vipaji vya Mungu, na mwenye busara havidharau. Huenda siku moja watoto wetu watabandika plasta mdomoni badala ya kuchomwa. Ili waione siku hiyo, sindano ya leo isikosekane.