TAARIFA KWA WANANCHI: URITHI, SIGARA NA MARADHI SUGU YA MAPAFU

Watumishi wa Serikali na wakazi wa Kilwa Masoko, Kilwa Kivinje, Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na Songo Songo wanaombwa kuyazingatia maelezo haya kuhusu ugonjwa sugu unaoziba njia za hewa mapafuni. Dalili zake ni kikohozi cha muda mrefu, makohozi na kuishiwa pumzi.

Baadhi ya wananchi husema, "Babu alivuta sigara hadi uzeeni wala hakuugua kifua." Wengine husema kuwa maradhi hayo ni ya ukoo, hivyo kuacha sigara hakusaidii. Kauli zote mbili hupotosha.

Ni kweli kwamba si kila mvutaji huugua, na urithi ni sababu mojawapo. Mwaka 1963, huko Sweden, wataalamu Carl-Bertil Laurell na Sten Eriksson walieleza upungufu wa protini iitwayo alfa-1 antitripsini. Protini hiyo hutengenezwa na ini, nayo huyakinga mapafu yasiharibiwe na kimeng'enya kitokacho katika chembe nyeupe za damu. Aliyerithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama pia, akivuta sigara, huweza kuanza kuishiwa pumzi akiwa na umri wa miaka 30 au 40 tu.

Hata hivyo, upungufu huo ni adimu kwa watu wenye asili ya Afrika. Kwa walio wengi, urithi ni mkusanyiko wa chembe nyingi, kila moja ikiongeza hatari kidogo. Mjukuu hupata takriban robo tu ya chembe zake za urithi kutoka kwa babu mmoja; kwa hiyo afya ya babu si dhamana kwa mjukuu.

Aidha, ukoo haurithishani damu peke yake. Watu wa nyumba moja huvuta pia moshi mmoja: wa sigara, wa kuni jikoni na wa kukaushia samaki. Moshi huo huyadhuru mapafu hata ya asiyevuta sigara.

Urithi haubadilishwi, bali sigara huachwa. Mapafu yaliyokwisha kuharibika hayarudi kama awali, lakini mvutaji anapoacha, kasi ya uharibifu hupungua, hata kwa mwenye kasoro ya urithi.

Kwa hiyo wananchi wanashauriwa yafuatayo:

1. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi aende kituo cha afya kupimwa kifua kikuu. Asipokutwa nacho na dalili zikaendelea, aombe ushauri kuhusu kipimo cha kupuliza pumzi.

2. Majiko ya kuni yawekwe penye hewa ya kutosha, na watoto wasikae penye moshi.

3. Wenye maduka wakumbuke kuwa sheria ya mwaka 2003 ya kudhibiti bidhaa za tumbaku inakataza kumwuzia sigara mtu aliye chini ya umri wa miaka 18.