Damu kushikana si damu kuganda

Msimu wa Hijja ukikaribia, mahujaji hushauriwa wachanjwe homa ya mafua, na mimi huyasikia ya barazani: "Virusi hivyo hugandisha damu!" Neno hilo lina chanzo, ila limepindwa.

Mwaka 1941 mtafiti wa Marekani, George Hirst, alikuwa na mayai ya kuku yaliyotiwa virusi vya mafua. Akaona chembe nyekundu za damu zimeshikana mabonge. Kirusi cha mafua kimejaa miiba ya protini iitwayo hemaglutinini, ndiyo ile H ya H1N1. Miiba hiyo hunasa sukari fulani iliyo juu ya chembe ya damu, na kwa kuwa ni mingi, kirusi kimoja huweza kushika chembe mbili. Virusi vikizidi, chembe hufungamana kama wavu.

Maabara hufanya haya katika vishimo vya sahani ya plastiki. Pasipo virusi, chembe huzama zikafanya kitone chekundu, vikiwepo, hutanda. Ukitangulia kutia majimaji ya damu ya mtu mwenye kinga, miiba hufunikwa, na kitone kikarudi. Kipimo hiki huwasaidia wataalamu wa WHO kupendekeza virusi vya kutiwa kwenye chanjo.

Hayo ni ya sahani, si ya mishipani. Mafua makao yake ni pua, koo na mapafu. Na sindano kwa kawaida ina virusi vilivyouawa, tena huchomwa kwenye msuli wa bega.

Bi Mkubwa wangu ana kisukari, na safari hii yumo. Tutakwenda kuchanjwa wiki kadhaa kabla, kinga ipate kujengeka.