Fagio za Mwaloni

Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi waujua vema ubwiri unga, ule ukungu mweupe ufunikao maua na majani machanga ya mkorosho kana kwamba yamenyunyiziwa unga. Kuvu za kundi hilo ni nyingi ulimwenguni. Mojawapo, iitwayo Cystotheca lanestris, huishi juu ya mialoni ya California, nchini Marekani. Hiyo haitosheki na kuyapaka majani weupe, bali huligeuza hata umbo la tawi.

Mti unaoathiriwa sana ni mwaloni wa pwani, Quercus agrifolia, usiopukutisha majani yote kwa msimu mmoja. Kuvu ikishika tawi changa, ukuaji wake huvurugika. Macho mengi huchipua kwa pamoja. Vitawi huwa vifupi na vinene, na majani yake huwa madogo, yaliyopauka na kusongamana. Kishada hicho hufanana na ufagio, kisha hunyauka na kugeuka rangi ya hudhurungi. Kuvu huvuka majira ikiwa imejificha ndani ya macho ya mti, na spora zake husambazwa na upepo.

Spora za ubwiri unga, tofauti na za kuvu nyingine nyingi, zaweza kuota pasipo jani kulowa maji. Kinachohitajiwa zaidi ni jani changa, laini. Hapo ndipo mkono wa binadamu unapohusika. Mvua za California hunyesha majira ya baridi, na majira ya joto huwa makavu. Mwaloni umeyazoea maisha hayo. Mwenye bustani, kwa nia njema, huumwagilia mti mara kwa mara na kuupogoa kupita kiasi. Mti huchipua nje ya msimu wake, na kuvu hupata chakula tele. Aonapo fagio zimezidi, hudhani mti una kiu, akaongeza maji.

Kosa hilo laweza kuwa na gharama kubwa. Fagio zenyewe ni nadra kuuangamiza mwaloni uliokomaa, lakini udongo wenye unyevu wakati wa joto huzikaribisha kuvu za kuozesha mizizi, kama Armillaria, ziwezazo kuuua kabisa. Basi tiba iliyo bora ni kuziondoa fagio kwa kiasi, kuepuka kuchochea machipukizi yasiyo ya msimu, na kuliacha shina liwe kavu kama lilivyozoea.